Maneno Niliyoyapunguza Mbele ya Ayeeyo

Assalamu alaykum, Fardosa, hooyo.

Barua kama hii watu huiandika usiku, nyumba ikiwa imelala. Mimi usiku huanguka kama gunia, unanijua. Kwa hiyo ninaandika saa hii, baada ya Adhuhuri, wewe ukiwa umekwenda kuaga majirani na mdogo wako amenilalia mguuni mpaka mguu umekufa ganzi. Kesho alfajiri basi litakuchukua. Ninaandika Kiswahili kwa sababu Kisomali nilifundishwa kukisema tu, hakuna shule iliyonifundisha kukiandika; hata hili hooyo, mama, tunaloitana mimi na wewe, herufi zake ninakisia. Labda ni heri. Kwa Kisomali ninajua njia nyingi za kulizunguka jambo. Kiswahili changu ni cha darasa la saba, hakina kona za kujificha.

Mambo ya sabuni na blanketi siandiki. Yamo sandukuni, na mwenye akili ya kufaulu mtihani atajua kufua soksi. Nitakayoandika wewe unayajua nusu. Ni ya siku ile ya chai.

Ulinitazama siku ile. Mwaka mzima umepita na hukuniuliza kitu. Nami mwaka mzima nimekuwa nikikimbia kutoka maziwani kwetu sokoni kwenda mkutanoni, kutoka mkutanoni kwenda hospitali, kutoka hospitali kwenda jikoni, na kila nilipokaa nikakuona, nilisimama tena nikatafuta kazi nyingine. Watu wakasema mama Fardosa ana bidii. Bidii nyingine, hooyo, ni kukimbia tu.

Wacha nianze na mvua. Unakumbuka barabara ilivyokatika, malori ya maziwa yakakaa wiki baada ya wiki bila kufika, na sisi wamama wa maziwa tukawa tunakaa sokoni na madumu matupu tukitazamana. Maji yalipopungua, mbu wakaja, na baada ya mbu kondoo wakaanza kutupa mimba. Halafu wakaanza kufa, damu ikiwatoka puani. Ndipo akaja yule daktari wa mifugo kutoka bara, kijana wa watu, gambuti zake za mpira zimejaa tope mpaka ndani. Alisimama sokoni katikati ya madumu yetu akauliza nani anajua Kiswahili cha kutosha. Halima, jirani yangu wa sokoni, akanisukuma mgongoni.

"Huyu," akasema. "Huyu amesoma mpaka la saba. Sisi wengine Kiswahili yetu ni ya kuuza tu."

Nikawa mdomo wake. Miezi miwili nilimfuata bula kwa bula, kijiji kwa kijiji, asubuhi baada ya kuwapeleka ninyi shule, yeye anasema Kiswahili, mimi ninageuza Kisomali. Maneno yake yalikuwa yale yale kila mahali. Msimchinje mnyama mgonjwa, hata akiwa anakata roho. Akifa, mfukieni. Msile nyama yake. Chemsheni maziwa. Na mtu akilazimika kumgusa mnyama, afunge mikono na kitu, damu isimfikie. Wazee walimkatalia. Watamwachaje mnyama afe kibudu, awe haramu, nyama yote ipotee, na kisu kiko hapa na mtu wa kusema Bismillahi yuko hapa? Mimi niliwajibu. Niliwajibu wanaume wenye ndevu nyekundu za hina, hooyo, mimi niliyekuwa nikipita mbele yao nimeinamisha kichwa. Halima naye alimshika daktari mbele ya watu: "Wewe nasema tusikule nyama, tusikunywe maziwa. Sasa tukule gambuti yako?" Hata daktari alicheka. Lakini Halima alichemsha maziwa.

Nililewa kidogo na kazi ile, sitakudanganya. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa akingoja nimalize kusema.

Halafu tukafika kwa Ayeeyo.

Kabla Ayeeyo hajawa nyanya yako, alikuwa mama mkwe wangu. Niliingia nyumbani kwake nikiwa na miaka kumi na sita. Siku ya kuondoka kwetu mama yangu aliniambia, "Mbele ya mama mkwe, ulimi wako ni mgeni. Mgeni hakai mpaka akaribishwe." Nikalishika neno lile kama dawa. Miaka kumi na tano ulimi wangu ulisimama mlangoni mwa Ayeeyo, na sikumbuki kama uliwahi kukaribishwa.

Siku ile alikuwa amekaa kwenye mkeka wake na kondoo wake waliobaki zizini, kumi na mmoja. Adeer wako Abdi, mdogo wa baba yako, asiyejua Kiswahili kama mama yake, alikuwa anatengeneza ua. Wewe ulikuwa unamimina chai, ilikuwa Jumamosi hukwenda shule. Daktari akasema maneno yake yale yale. Akaongeza, kwa sababu aliona kondoo mmoja anatetemeka, "Mwambie mama, huyu hasa. Huyu asichinjwe. Na huyo kijana asimguse mikono mitupu."

Nilifungua mdomo. Ayeeyo alikuwa ananitazama. Mimi, nimwambie yeye mama wa mume wangu, aliyezaliwa zizini, asimchinje kondoo wake mwenyewe? Nikasema kwa Kisomali, "Anasema poleni kwa msiba wa mifugo. Anasema muwatunze vizuri, na Mungu atawapunguzia."

Ayeeyo akatikisa kichwa, ameridhika. "Mwambie ahsante. Wengine wa serikali hawana adabu, huyu amelelewa."

Daktari akaniuliza, "Amekubali?"

Nikasema, "Amekubali."

Chai ilimwagika kwenye kisahani. Wewe Kiswahili unakijua kuliko mimi. Ulisikia yote mawili, alichosema na nilichosema, na ukainua macho ukanitazama, birika bado limeinama mkononi. Nami nikakutolea macho yale yanayosema nyamaza. Ukanyamaza. Ukafuta kisahani kwa kitambaa chako.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua. Nusu ya pili ni mbaya zaidi.

Siku ya nne yule kondoo alianguka. Ayeeyo akamwita Abdi, haraka, kabla hajawa kibudu. Abdi akachinja, akachuna, damu mpaka kwenye viwiko. Na kwa sababu Ayeeyo hali kitu bila kututumia, akatuma ini kwenye bakuli la bati. Nililijua kabla sijafunua. Nilikwenda nalo chooni nikalimwaga, nikaosha bakuli kwa maji ya moto na majivu mara tatu. Uliporudi shuleni ukaona bakuli la Ayeeyo ukaniuliza nyama iko wapi. Nikakwambia paka amekula.

Hatukuwa na paka, Fardosa. Ulisema tu, "Haya, hooyo."

Kwa hiyo elewa vizuri. Sikuwa sijui. Niliwalinda wanangu, nikaosha mikono yangu, na kutoka kwetu mpaka kwa Ayeeyo ni mwendo wa dakika kumi, na sikwenda. Nilijiambia nyama imekwisha kuliwa, nitasema nini sasa? Nikimwambia, atajua kwamba mwanzo nilimficha. Uongo wa kwanza ni mdogo, hooyo, unaweza kuutoa kama mwiba siku hiyo hiyo. Ukilala nao, asubuhi utauona umekwisha jenga nyumba.

Homa ilimshika Abdi wiki hiyo hiyo. Kulazwa kwake unakukumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukipeleka uji. Ayeeyo na wengine waliokula hawakupata kitu, Mungu anajua kwa nini. Aliyeshika damu ndiye aliyepata. Aliamka, alhamdulillahi, wengi hawakuamka mwaka ule. Lakini macho hayakuamka naye. Akikutazama usoni anaona giza palipo uso wako. Anaona kitambaa chako, mabega yako, kuku anayepita kando. Kitu kile anachokitazama, hicho ndicho asichokiona. Ana miaka ishirini na mitatu.

Halafu mwaka ukaendelea, kama miaka inavyoendelea. Barabara ikafunguka, maziwa yakarudi. Wamama wakanichagua niwe karani wao kwa sababu ya ile kazi ya bula kwa bula, tukaweka sheria kwamba dumu likinuka linamwagwa mbele ya mwenye nalo, hata akiwa dada yako. Nilikwenda ofisini kudai bomba letu la maji pale sokoni, nikadai tena, nikadai mpaka askari wa mlangoni akawa ananiuliza habari za watoto. Bomba likaja. Baba yako aliporudi na lori la maji kutoka Dadaab akasikia watu wananisifu, akacheka, "Nimeoa chifu bila kujua." Wote walisema mama Fardosa haogopi mtu. Nilikuwa nikirudi nyumbani na sifa hizo, ninakukuta umevaa viatu tayari kwenda kumshika Abdi mkono umpeleke msikitini, na ninyi wawili mnatembea polepole ukimwambia, "Adeer, shimo. Adeer, punda." Nikawa ninaingia jikoni.

Matokeo yakaja, na barua ya kukuita shule ya bweni huko bara ikaja, na Ayeeyo akasema lile neno mbele ya baba yako: "Fardosa ndiye macho ya Abdi. Macho yanapelekwa shule gani?"

Baba yako akatazama chini. Alisema atakayosema mama yake ni sawa, akarudi kwenye lori. Simlaumu, nami nilisimama pale pale miaka kumi na tano.

Na wewe ukaniambia jioni ile, tukichambua mchele, "Hooyo, nibaki tu. Mwaka mmoja. Adeer akizoea, nitakwenda."

Hapa nitakwambia kitu ambacho mama hamwambii mtoto. Nilifurahi. Ndiyo. Moyo wangu ulitua kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nilifikiri, basi, Abdi nilimnyang'anya macho, na sasa ninampa macho mengine, tumemaliza. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo nikwambie, "Mungu akubariki." Halafu nikaona mikono yako kwenye ungo. Ulikuwa unatoa mawe bila kutazama, macho yako yako kwangu, yale yale ya siku ya chai. Nikajua kwamba unajua. Ulikuwa unajua muda wote nani alipunguza maneno, na ulikuwa unajitoa wewe ili mama yako asiulizwe.

Sikukuzaa kwa hilo.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilikutuma kwa Halima ukakae huko mpaka Alasiri. Ulidhani ni kwa ajili ya dumu. Nilikwenda kwa Ayeeyo. Alikuwa anafukiza chombo chake cha maziwa, Abdi amekaa karibu naye anachambua dengu kwa vidole. Sikusalimia kwa urefu. Nilijua nikianza kuuliza habari za mbuzi nitaishia kwenye mbuzi.

Nikasema, "Ayeeyo, yule daktari hakusema yale uliyoyasikia. Mimi nilipunguza."

"Ulipunguza nini?"

Nikamwambia yote. Kondoo yule hasa. Mikono ya Abdi hasa. Na ini, na bakuli, na majivu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye chombo na yeye hakukifunika.

"Na ulifikiri ningesikiliza?" akasema. "Mtu wa gambuti, aliyezaliwa kwenye migomba, anifundishe mimi kondoo? Singesikiliza!"

"Labda usingesikiliza."

"Singesikiliza hata kidogo."

"Basi ungekataa wewe, Ayeeyo. Lakini mimi ningekuwa nimesema."

Vidole vya Abdi vilisimama kwenye dengu. Halafu akasema, kwa sauti ile ile anayoulizia saa, "Mama angekataa, kweli. Na mimi ningechinja, kwa sababu mama amesema. Lakini singechinja mikono mitupu. Mifuko ya nailoni ilikuwa imejaa pale mlangoni, ile ya sukari."

Akaendelea kuchambua.

Hooyo, neno hilo ndilo ninalokupa. Sina lingine kubwa kuliko hilo. Mwaka mzima nilijitetea kwamba hakuna tofauti, kwa kuwa Ayeeyo asingekubali. Nilimtazama Ayeeyo tu. Sikumwona aliyekuwa anatengeneza ua nyuma yake, anasikiliza. Utakapokuwa huko na ukaona mbele yako mtu mkubwa asiyesikia la mtu, kumbuka kwamba hayuko peke yake. Nyuma yake kuna mtu anangoja neno hilo akachukue mfuko wake mlangoni.

Ayeeyo alisimama akaingia ndani. Nami nikasema nikiuelekea mlango, kwa sababu nilijua nisipomaliza siku hiyo sitamaliza: "Na Fardosa anaenda shule. Mtu wa kumwongoza Abdi ni mimi."

Sauti ikatoka ndani, "Wewe? Ulimi tu umekushinda!"

Ilinichoma. Nilistahili. Lakini sikuondoka; nilijimiminia chai, nikakaa pale mpaka nikaimaliza.

Kesho yake asubuhi nilimpitia Abdi, nikamshika mkono mpaka maziwani. Uliona umati wa siku ile, lakini hukuona ulivyoanza. Halima alipiga kigelegele. "Mwanamume ameingia maziwani! Mleteeni kanga tumfunge!" Mwingine akasema, "Shemeji, umekuja kuuza au kuolewa?" Nilidhani atageuka arudi. Abdi akasema, "Nifungeni, bora isiwe ya Halima, ninainusa toka hapa." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akaomba dumu, akafungua kifuniko, akaweka pua. Akafunga. "Hili jana lilikaa karibu na petroli." Akachukua lingine. "Hili limeongezwa maji. Na si ya bomba, ni ya mto." Mwenye dumu akaanza kuapa, akaapa mara mbili, ya tatu akanyamaza. Tuna sheria yetu, tukalimwaga. Tangu siku hiyo hakuna lori linaloshusha dumu kabla Abdi hajanusa, na mtu akimkawiza kwa salamu ndefu wamama wanamfukuza.

Sisemi nimefuta kitu. Macho hayarudi kwa maziwa. Yeye mwenyewe hajaniambia amenisamehe, na sijamwomba aharakishe. Asubuhi ninampitia, jioni ninamrudisha, na njiani ninasema, "Shimo. Punda." Siku moja nilisahau kusema, akajikwaa, akasema, "Umepunguza tena." Sikujua kama nicheke. Alicheka yeye.

Kwa hiyo usibebe hili. Kosa langu ni langu, lina miguu yangu, ninatembea nalo kila asubuhi. Ulipoomba kubaki ulidhani unanisaidia. Nisamehe kwamba mwaka mzima nilikuacha ubebe, na nisamehe yale macho niliyokutolea birika likiwa mkononi mwako. Nilikufundisha kunyamaza kwa mtazamo mmoja, na wewe ni mwanafunzi mzuri. Hilo ndilo somo pekee ninalotaka ulisahau kabla hujafika darajani.

Watu wetu husema ukivuka daraja la mto umekwenda Kenya, kana kwamba huku kwetu si Kenya. Huko njiani polisi watawashusha na kuwauliza mnakwenda wapi, na shuleni watakuuliza maswali ya kijinga kuhusu ngamia. Jibu. Kwa adabu, lakini jibu. Adabu niliipenda sana, bado ninaipenda, sitaki uiache. Lakini adabu ni namna ya kulisema neno. Mimi niliifanya sababu ya kutolisema. Ningeweza kupiga goti mbele ya mkeka wa Ayeeyo, nikaanza na "nisamehe," nikasema kila neno. Goti lingeuma kidogo tu.

Mtoto ameamka. Nitamalizia jambo la leo asubuhi, kwa sababu ulikuwa umelala.

Ayeeyo alikuja. Siku nane hakunisemesha. Alisimama mlangoni na kile chombo chake cha mbao, kimejaa nyirinyiri, nyama ya kukaanga ndani ya samli, kimefungwa ngozi na kamba kama kile anachopelekewa bibi arusi. Akakiweka chini. Akasema, hanitazami, "Ni ya njia ya mtoto. Ngamia alikuwa mzima. Nilikwenda kumwuliza yule mtu wa gambuti mwenyewe."

Nikasema, "Ahsante, Ayeeyo. Lakini mlielewana vipi?"

"Nilichukua mkalimani mwingine," akasema.

Akageuka akaenda zake. Alipofika kwenye ua akasimama, akasema bila kugeuka, "Likizo ni lini?" Nikamwambia. "Basi arudi aniambie mambo yote waliyomfundisha," akasema. "Yote. Asinichagulie."

Umesikia. Umekaribishwa, hooyo. Mimi ilinichukua miaka kumi na sita.

Barua hii nitakupa mkononi, sitaificha sandukuni. Ya kuficha yametosha. Na ukirudi likizo, niulize kuhusu siku ya chai, kwa mdomo, mbele ya yeyote. Nitajibu.

Abdi atakuja kukusindikiza. Utataka kumkumbatia uso kwa uso. Ukishamkumbatia, usisimame mbele yake. Sogea kando kidogo, upande wa kulia, hapo ndipo anapoona. Simama hapo mpaka dereva apige honi, akuone vizuri unavyokwenda.

Mama yako,
Hooyo